Mkwe Nyuma ya Kikapu

Jumamosi, 2 Agosti 1958

Leo nimecheka mpaka mbavu zinauma. Mjukuu wangu Boaz, yule wa chuo cha ualimu, amecheza mpira wa kikapu hapa Thika. Yule si mrefu, ni mlingoti! Anaruka, anabaki juu kwanza, halafu ndio anatupa. Nilikuwa na punje za mahindi, kila akifunga nahamisha moja mfuko wa pili. Kumi na moja! Nikapiga kelele, "Mume wangu! Mume wangu!" Vijana wa timu ile ingine wakaangaliana. Hawajui kwetu Bungoma bibi ni mke wa mjukuu. Shauri yao.

Jumapili, 3 Agosti

Kanisani nimeringa. Mungu anisamehe, lakini na yeye alimwona. Nimemwambia Benta, mamake Nafuna, yule msichana Boaz atamwoa Desemba — njoo mechi ya Ruiru Jumamosi uone mkwe wako. Akauliza, "Nije kweli?" Nikasema njoo! Mdomo huu wangu.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimeharibu.

Basi lilichelewa, tumefika Ruiru wakati wa mapumziko. Tukakaa nyuma ya kikapu cha upande wa lango la kuingilia, kwenye kivuli. Sikufikiri! Kwetu kijana haangaliani na mama mkwe uso kwa uso. Akimwona njiani anaingia porini mpaka apite. Na kikapu hicho ndicho Boaz alitakiwa kufunga kipindi cha pili.

Amekuja na mpira, mbio kama swala. Akamwona Benta. Papo hapo akafunika uso na mpira, akageuka, akarudi alikotoka. Watu wakaanguka kwa kicheko. "We mrefu, kwenu ni wapi?" Benta naye akajifunika leso. Kuanzia hapo Boaz hakuvuka katikati ya uwanja. Punje zangu zote mfuko ule ule. Wameshinda kwa kikapu kimoja tu, cha Bedan, kapteni wao.

Jumatatu, 11 Agosti

Boaz ametolewa kwenye fainali ya Jumamosi. Mwalimu wao Mburu alimwuliza sababu. Angesema nini — bibi yangu hana akili?

Nimeenda chuoni mwenyewe, kwa miguu. Nikamweleza mwalimu yote. Akasema hata wao Wakikuyu wanamheshimu mama mkwe, lakini hawamkimbii na mpira mkononi. Nikamwambia, "Heshima tumeshamfunza. Wewe mfunze mpira." Akacheka mpaka akavua miwani. Boaz atacheza. Lakini yule mama asionekane.

Alhamisi, 14 Agosti

Kumwambia Benta asije! Afadhali kulima shamba lenye mawe. Ameshawatangazia kina mama wote. Kumbe hana hasira hata kidogo. "Kijana amekubali kuchekwa na uwanja mzima kwa sababu yangu. Nitakosaje kwenda?" Nikasema utamharibia. Akasema, "Yeye hataniona. Na mimi sitamwona." Sijamwelewa. Amenipa chai, nimekunywa, nimerudi.

Jumamosi, 16 Agosti

Naandika hapa hapa Ruiru, mapumziko, daftari kwenye goti. Shule sikuiona, herufi hizi nilipewa darasa la ubatizo.

Uwanja umejaa. Nafasi tuliyopata ni ile ile, nyuma ya kikapu cha lango. Benta amekaa kwenye kigoda, ameupa uwanja mgongo, mwavuli mweusi umemfunika mpaka kiunoni. Watu wanauliza, huyu mama amekuja kutazama ukuta? Mimi ndiye macho yake. Boaz amefunga mara sita, lakini ni kikapu cha kule mbali. Tuko sawa, ishirini kwa ishirini. Sasa wanabadilisha upande. Chetu cha kufunga ni hiki hapa.

Filimbi!

Boaz amepewa mpira. Amesimama katikati, anaangalia mwavuli. Mwalimu Mburu anaita, nenda, nenda! Bedan anaita. Nimeita na mimi, "Mume wangu! Hapa kuna mwavuli tu!"

Benta, bila kugeuka: "Anafanya nini?"

Amesimama.

"Bado?"

Bado. Ameinamisha macho chini. Anadundisha mpira — mara moja, mara mbili —

"Mama, sema! Anafanya nini?"

Anakuja.