Bayoko Iliyosuguliwa kwa Limau

Kaka Baraka,

Pole na mitihani. Huku ughaibuni kwa shangazi, Hässelby, kuna mvua baridi, nami nimekasirika.

Jumamosi nilikununulia kwenye soko la mitumba ile sarafu tuliyoikosa katika mkusanyo wetu: bayoko, shaba ya thamani ndogo ya dola ya Papa kule Italia, yenye umri wa zaidi ya miaka mia na hamsini. Ilikuwa na rangi ile ya kahawa ambayo wakusanyaji hawaigusi kamwe, maana kuiondoa huishushia sarafu thamani. Niliiacha mezani nikaenda kuoga. Niliporudi nilimkuta shangazi anaisugua kwa limau na chumvi, kama sufuria.

"Sarafu ya Baba Mtakatifu haiwezi kuwa chafu hivi, mwanangu," akasema. "Hebu ona inavyong'aa!"

Ilikuwa nyekundu kama ngozi iliyochubuka. Nilitaka kupiga kelele. Badala yake nikasema, "Asante, shangazi," na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Desemba shangazi anakuja huko nyumbani, na ameshaniuliza kama sarafu zako nazo ni chafu. Tafadhali lifiche kasha la sarafu. Nimekukumbuka sana.

Mdogo wako,
Neema