Nani Anatwanga?

Lamu, 10 Mfunguo Tano 1325

Kwa shangazi yangu Bi Tima, uliyenilea tangu mama alipotutoka,

Nashika miguu yako. Nakuuliza hali, wewe na watu wote wa Siyu. Ukiniuliza mimi nitasema Alhamdulillahi, kisha nitakwambia kweli.

Ni miezi saba tangu niolewe. Abdulkadir ni mume mpole, sina la kumlaumu. Mamake, Bi Hadia, ananipenda kwa namna yake, maana hataki nishike kitu. Chumba changu ni cha juu, na ngazi sijazishuka tangu Iddi. Barka, mjakazi wa nyumba, huniletea maji ya kunawa, kahawa, mkate wa samli, na halua mara mbili kwa siku. Nikishaswali alfajiri narudi kulala. Baada ya adhuhuri nalala tena, kwa kukosa la kufanya.

Shangazi, nina miaka kumi na tisa. Huko kwetu nilibeba tita la kuni kutoka shambani huku naimba. Juzi nilipanda dari kutazama mwezi, nikalazimika kukaa katikati ya ngazi nitafute pumzi. Wanawake wanaokuja kututembelea wanasema nimenawiri. Mimi naogopa.

Mwanao,
Swafiya

Siyu, 4 Mfunguo Sita 1325

Mwanangu Swafiya,

Barua imefika kwa mkono wa nahodha Athman aliposhuka bandari ya Mtangawanda. Mimi ni mzima, mtama umechipua, na nyani wametuanza. Nawe Mungu akuweke.

Kunenepa si ugonjwa, lakini kukosa pumzi kwa umri wako kunanitia wasiwasi. Ukishaswali alfajiri usirudi kitandani. Panda dari kabla jua halijawa kali, uzunguke mpaka jasho likutoke. Kula samaki na mboga, halua waachie wageni. Usianze kwa pupa ukachoka ukaacha. Kidogo, kila siku, hata siku usiyotaka.

Mimi nina miaka hamsini na mitatu na jembe bado nalishika. Sikuumbwa kwa chuma. Nilipokuwa kama wewe sikukaa, basi mwili haukujua kukaa.

Shangazi yako,
Tima

Lamu, 19 Mfunguo Nane 1325

Kwa shangazi yangu,

Salamu nyingi, na samahani kwa kukawia. Sikuwa na habari nzuri ya kukuandikia.

Nilizunguka dari siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili Bi Hadia akaniita. "Jirani wamekuona," akasema. "Mke wa mwanangu hazunguki juu ya nyumba kama mbuzi aliyefungwa kamba. Nyumba hii haina upungufu wa watu wa kutembea." Hakupaza sauti. Ningependa angepaza. Nimeacha.

Naye mwenyewe si mzima. Hajafika miaka hamsini, lakini hasimami bila kushikwa na watu wawili. Anakunywa maji mtungi mzima kwa siku na kiu haimtoki. Barka ameniambia kwa siri kwamba choo chake hujaa sisimizi, kama palipomwagika sukari. Kidole cha mguu kina kidonda tangu Mfunguo Tano na hakikauki. Tabibu alimkataza halua. Alipotoka tu, Bi Hadia akaitisha sahani.

Mwanao,
Swafiya

Lamu, 23 Mfunguo Mosi 1325

Shangazi yangu,

Iddi njema, ijapokuwa imepita. Natumai mfungo ulikuwa mwepesi kwako, na sasa tunahesabu mifunguo upya. Kwetu mambo yamegeuka.

Umesikia kwamba serikali imetangaza hakuna tena mtumwa katika nchi hii. Barka alikaa mpaka mwisho wa Ramadhani, kisha akaja kuaga. Bi Hadia akamuuliza, "Nimekukosea nini?" Barka akajibu, "Miaka ishirini nimefanya kazi yenu, Bi. Sasa nataka kufanya yangu." Amepanga chumba mtaa wa Langoni, anauza mikate ya mofa.

Siku nne tukala vya kununua. Abdulkadir alivileta chini ya kanzu, kwa aibu. Siku ya tano nikashuka, nikakuta kinu uani, nikatia mtama. Mchi ukaniumiza viganja mpaka damu. Kutoka ndani nikasikia, "Nani anatwanga?"

"Ni mimi, mama."

Nilipompelekea uji nikakuta analia. Akasema, "Nilikuja nyumba hii nina miaka kumi na sita. Kwetu Shela nilikuwa nakimbizana na kaka zangu mchangani, hawanipati. Mavyaa wangu, mamake mume wangu, akaniambia niketi. Nikaona ni heshima, nikaketi. Nawe nilikuwa nakupa ile niliyopewa."

Usiku ule alikataa halua. Lakini shangazi, kidonda kimekuwa cheusi.

Mwanao,
Swafiya

Siyu, 15 Mfunguo Pili 1325

Mwanangu,

Nakusalimu, na Bi Hadia nampa pole nyingi. Mfanyie upole. Usitwange kwa kumkomoa.

Nina neno limenikaa kifuani. Nyumba ile nilikutafutia mimi. Nilipoambiwa hutainua hata kikombe, nilisujudu kwa furaha. Nilidhani nakuepusha na taabu yangu. Sikufikiri ulikuwa unaupata wapi ule uzima wako. Unisamehe.

Kiganja kikipona, twanga tena.

Shangazi yako,
Tima

Lamu, 7 Mfunguo Tano 1326

Kwa shangazi yangu mpenzi,

Nakuamkia kwa huzuni. Bi Hadia ametutoka Jumanne, baada ya adhuhuri. Mguu ulioza mpaka gotini. Miezi hii mitatu alikuwa ananitaka nimshike mkono atembee chumbani. Alifika hatua tisa, siku moja. Tabibu alisema ilifaa aanze kutembea miaka ishirini nyuma. Alisema mbele yake, naye akaitikia kwa kichwa.

Sikumwita Barka, alikuja mwenyewe kumwosha. Tulikuwa wanawake wanne na tulishindwa kumgeuza kwa mara moja. Barka aliinua kata ya maji, mkono ukakomea kifuani. Bega lake haliendi juu tena, kwa mitungi ya miaka yote ile. Magoti yake yamepinda. Nikawatazama wote wawili, rika moja, mmoja amelala na mmoja ameinama juu yake. Mmoja hakuachiwa kutembea, mwenziwe hakuachiwa kupumzika. Nilimpokea kata nikamimina mimi.

Pumzi yangu imerudi, shangazi. Ngazi napanda mpaka juu bila kukaa. Nina mimba ya miezi mitatu, na mkunga amesema mwili uko tayari.

Lakini jamaa za Abdulkadir wamekutana. Wanasema sasa mimi ndiye Bi wa nyumba, wametafuta mwanamke wa kunitumikia, na haifai nionekane uani. Abdulkadir aliniuliza faraghani nataka nini. Nikamwambia. Akasema, "Watasema vibaya." Nikamwambia najua.

Siku tatu hizi nimeketi mkekani kupokea rambirambi, kwa heshima ya mamake. Kesho nashuka kinuni.

Mwanao,
Swafiya