Simu Yako Haikuwa Mbovu

Tata,

Ni mimi, Fifi. Nakuandikia nikiwa mezani kwangu kazini, saa ya chakula, na hata sasa sina utulivu. Serge, anayekaa upande wangu wa kuume, anazungumza na shemeji yake kwa simu iliyofunguliwa sauti, na sisi wote tunamjua sasa huyo shemeji na ugomvi wake na mke wake. Mashine ya kuchapisha iko mgongoni kwangu, jenereta iko dirishani. Nilikuwa nakulalamikia haya kila Jumapili na wewe ulikuwa unacheka. Ulisimama miaka yako yote karibu na mashine ya kuvunja mawe pale mgodini, ikakula masikio yote mawili, halafu mtoto wako analia kwa sababu ya watu wanaoongea.

"Ile haiko makelele, Fifi," ulikuwa unaniambia. "Ile ni batu tu."

Nilikuwa na chumba changu mwanzoni, unakumbuka, kidogo, chenye mlango. Wakabomoa kuta, wakatupanga wote kwenye meza ndefu, shefu, mkubwa wetu wa kazi, akasema tutafanya kazi kama familia moja. Familia yetu ya Kapata nayo ilikuwa ya makelele, sikatai. Wageni walidhani tunagombana, kumbe tunakuambia chai iko tayari. Na mikono ilisaidia, zile ishara mlizotumia nyinyi wa mashine: kiganja juu ya kichwa, simama; ngumi kifuani mara mbili, nimekusikia, endelea. Nilizijua kabla ya kujua kusoma.

Lakini kwa simu mikono haisaidii. Kila siku saa sita ulinipigia, na mimi nilipiga kelele. Nikiwa na mlango haikuwa neno. Siku ya kwanza ndani ya ukumbi nilikuuliza kama umekunywa dawa, ukasema hunisikii, nikapaza sauti. Nikakuuliza kama tumbo limetulia, nikapaza zaidi. Mwisho nikauliza, kwa sauti ya kuamsha mtaa, kama umeenda choo. Ukumbi mzima ulianguka kwa kicheko. Wiki nzima Serge alinisalimia kwa swali hilo. Baadaye karatasi ikabandikwa ukutani: simu za nyumbani, sauti ya chini. Serge hakuisoma. Mimi niliisoma kwa wote.

Basi nikaanza kunong'ona. Kwako, Tata.

Alhamisi ile ulipiga mapema, saa nne. Nilikuwa nasoma namba za vipuri ambavyo mteja aliagiza, na shefu alisimama mwisho wa meza. Nikainama chini ya meza kama mtu anayeokota kalamu, nikanong'ona kwamba niko kazini, nitakupigia. Ukasema, "Allô? Fifi?" Nikarudia kwa sauti ileile. "Allô? Allô?" Nikakata. Ukapiga tena, nikakata. Ulipopiga mara ya tatu niligeuza simu kifudifudi, nikaiacha itetemeke mpaka ikanyamaza.

Nimekaa na masikio yako tangu nizaliwe. Nilijua kabisa kwamba mnong'ono haukufikii. Hilo ndilo linaloniua.

Mengine niliyapata kwa yule fundi wa simu wa Manika, mwenye meza karibu na soko. Ulidhani simu imeharibika. Ukapanda pikipiki ya taxi-moto kutoka Kapata, juani, na ule moyo wako unaoishi kwa dawa. Fundi aliipima, akaipigia kwa simu yake, ikalia vizuri, akakuandikia kwenye karatasi kwamba haina shida. Ukakataa. Anasema ulimwambia hivi:

"Fungula tu. Mutoto yangu iko naongea mule ndani, siko namusikia."

Akaifungua ili usikasirike. Ukakaa kwenye benchi lake kungojea. Alipogeuka kukurudishia, kichwa kilikuwa kimeshuka, akafikiri umesinzia.

Siku ya kilio alikuja mwenyewe na simu yako ndani ya kitambaa. "Mama, iyi telefone haina kitu," akaniambia. "Iko muzima." Alitaka kunifariji, maskini, ili nisifikiri aliiharibu yeye.

Wenzako wa mashine walikuja pia, wazee watano, wote viziwi. Mhubiri alisema sana na wao hawakumsikia. Kisha mmoja mmoja akapita mbele ya jeneza, akagonga kifua mara mbili, akatoka. Mama akaniangalia, akingoja nami nifanye. Mkono wangu ulikataa kunyanyuka.

Mama anasema mtandao ulikuwa mbaya siku ile. Anawaambia watu wote hivyo. Nimemwacha aamini.

Nimerudi kazini, kwa sababu hakuna mahali pengine pa kwenda. Nilichukua vile vifuniko vyako vya masikio vya mgodini, vilivyoning'inia nyuma ya mlango, ulivyopewa wakati masikio yamekwisha kuisha. Navivaa mezani. Walicheka, kisha wakaacha. Havinisaidii, Tata. Vinaondoa jenereta, vinaondoa shemeji wa Serge, na vikishaondoa yote nasikia "Allô? Fifi?" peke yake, basi navivua haraka nirudi kwenye makelele. Juzi niliandika agizo la mteja mmoja kwa jina la mwingine, na shefu akaniambia kwa upole nikapumzike. Nilienda kukaa chooni. Ndio mlango pekee uliobaki katika ofisi hii.

Saa sita ikifika naiweka simu katikati ya meza, uso juu. Najua. Naiweka tu.

Nimechoka sana. Sijui mtu anaombaje msamaha kwa asiyeweza kusikia. Leo ndiyo mara ya kwanza natoa jambo la chini ya meza, na nimelitoa kwa kalamu, yaani bado nanong'ona.

Kwa hiyo nakuahidi hili moja, sina lingine. Jumapili nitakuja kaburini na Mama. Nitasimama upande wa kichwa chako na nitakuambia yote, tangu saa nne ya Alhamisi, kwa sauti yetu ya nyumbani, hata wanaozika watu wao wageuke kunitazama. Mama atakuwa karibu yangu na atasikia kila neno. Akiniacha pale, nitajua kwa nini.

Lala salama, Tata. Wewe usihangaike kujibu. Nitagonga kifua mara mbili kwa niaba yako, kama mkono utakubali.

Mtoto wako,
Fifi