Maombi Aliyoniomba Nekesa

Ijumaa, Jeddah. Joto la kunata. Ukifungua dirisha, hewa inaingia imelowa kama nguo iliyosahauliwa kwenye beseni. Binti yangu Wakio amelifunga na kuniwashia mashine ya oksijeni. Naandika kwa kidole kimoja, napumzika, naandika tena.

Leo nimemwumiza mtu aliyenijia na msiba.

Nieleze tangu mwanzo, maana daktari alipomwita Wakio kando juma lililopita niliyaona mabega ya binti yangu yakishuka kupitia kioo cha mlango, nikaelewa. Sina muda wa kuzungukazunguka.

Hapa hakuna kanisa. Sisi Wakristo tunakutana sebuleni kwa Wakio kila Ijumaa, siku ya mapumziko, majirani wakisharudi kutoka msikitini. Tunaimba kwa sauti ya kumlaza mtoto na tunapiga makofi kwa vidole viwili tu juu ya kiganja. Mezani huwa kuna keki yenye mishumaa, ili mtu akigonga mlango akute sherehe ya kuzaliwa. Tulianza hivyo Riyadh, kwenye fleti ya mtaa wa Al-Murabba, kabla vumbi la kule halijanishinda kifua na Wakio kuomba uhamisho wa kazi kuja pwani. Elia, mhasibu wa Kitanzania anayetuongoza, hachoki na utani wake.

"Shikamoo mzee. Leo unatimiza mingapi? Ijumaa iliyopita ulikuwa na sabini, naona unarudi nyuma."

"Marahaba. Nikifika ishirini nitawatoka mbio wote."

Wananiheshimu kupita kiasi. Wale wa Kenya walisimuliwa na mama zao kwamba mimi ndiye Mwafrika wa kwanza kukimbia katika uwanja wa klabu ya walowezi, mahali ambapo watu wetu waliingia kukata nyasi tu. Nilinyimwa chumba cha kubadilishia nguo, nikabadilisha nyuma ya tangi la maji, na hapo ndipo nikaomba. Wahubiri wametia chumvi kwa miaka mingi, lakini kiini chake ni kweli. Kwenye kona ya mwisho, huku nikizomewa, nilihisi mtu akikimbia bega kwa bega nami, ametulia, hahemi. Hakukuwa na mtu. Wenzangu walikuwa nyuma. Baadaye nilikimbia nchi za mbali nikiwa Mweusi pekee kwenye mstari, wala sikujiona mpweke. Watu waliniita jasiri. Sikuwa jasiri, nilikuwa na mwenzangu.

Hilo sikulitunga, na leo sitalikana.

Ila mwaka jana mwanangu Mwadime aliugua kule nyumbani Wundanyi. Niliomba kama nilivyoomba nyuma ya lile tangi, mpaka sauti ikakauka. Akafa. Mimi nilikuwa kitandani Riyadh, mipira puani, siwezi kupanda ndege. Nilimwona akishushwa kaburini kwenye simu ya Wakio, picha ikikwama kila mara. Tangu siku hiyo nikifumba macho naona giza la kope zangu tu. Wakio akiomba mezani, mimi nachezesha midomo. Hakujua mpaka leo.

Leo akaja Nekesa.

Anafanya kazi za ndani katika nyumba moja kubwa ya mtaa wa Al-Hamra, na kwetu huja mara chache, madam wake akipenda. Alikaa kwenye zulia karibu na miguu yangu bila kuvua joho lake jeusi la abaya. Mwanawe Brian, aliyemwacha Bungoma kwa bibi yake, amekufa kwa homa. Wanamzika kesho.

"Nimeomba ruhusa niende," alisema. "Kafili, yule tajiri aliyenileta huku, anasema ningoje harusi ya binti yao iishe. Pasipoti yangu iko kwake. Madam naye akaniambia yalla, haya haraka, maliza kazi kwanza, utalia jioni."

Keki ilikuwa pale mezani na mishumaa yake ya rangi. Elia aliinuka, akaibeba taratibu, akaipeleka jikoni. Ilikuwa mara ya kwanza kwetu kukaa katika ibada bila kisingizio.

Kisha Nekesa akanishika goti.

"Babu, wewe Mungu alikuskia hata kwa uwanja wa wazungu. Mimi nimeita, siskii kitu. Niombee tu mtoto wangu afike salama. Wewe unajulikana huko."

Wote wakainamisha vichwa, wakangoja. Maneno ninayo. Nimekuwa mwalimu na mzee wa kanisa karibu maisha yangu yote, ningeweza kuomba hata usingizini. Nikafungua mdomo. Lakini ule mkono ulikuwa bado juu ya goti langu, na nikaona siwezi kumwigizia mama huyu.

"Mwanangu," nikamwambia, "nami nilimzika wangu kwa simu. Tangu hapo sisikii kitu. Nikikuombea nitakuwa nachezesha midomo tu."

Nilidhani ukweli ungemfariji. Nilidhani angalau angejua tuko wawili.

Aliondoa mkono polepole. Hakukasirika.

"Ungeomba tu, Babu," alisema. "Mimi ningejuaje?"

Ungeomba tu.

Dereva wa madam akapiga honi huko nje. Nekesa akajifunika mtandio vizuri, akaaga kila mtu kwa jina, nami pia, akateremka. Elia alijaribu kuanzisha wimbo, ukafa njiani. Watu wakaondoka mmoja mmoja kama tunavyofanya siku zote, ila leo bila mtu kupewa kipande cha keki.

Wakio alibaki amesimama karibu na mlango.

"Mwaka mzima, Baba?"

"Mwaka mzima."

"Na mimi nilikuwa naomba polepole pale mezani ili unifuate."

Alikuja akanirekebishia mpira wa hewa puani, akaenda jikoni, na kwa muda mrefu nilisikia maji ya bomba yakimwagika bila chombo kuoshwa.

Nimekaa na jambo hili tangu wakati ule. Nekesa hakuniuliza ninasikia nini. Hakuuliza habari za imani yangu, iko hai au imekufa. Alitaka mtu mmoja amtaje mwanawe mbele za Mungu, kwa sababu sauti yake mwenyewe ilikuwa imeisha. Mimi nikamletea habari za moyo wangu. Inaniuma kuliko kifua hiki.

Hasira yangu kwa Mungu bado ninayo. Siwezi kusema imepungua, na naona nitaondoka nayo.

Kesho asubuhi, wakimshusha Brian kule Bungoma, Nekesa atakuwa akipiga pasi nguo za harusi. Nimemwomba Wakio aniinue mapema nikae kitini. Nitafumba macho na kusema kwa sauti: Brian, mwana wa Nekesa.

Sijui nitakuwa namwambia nani.