Wimbo wa Kwenye Duara

Neema mjukuu wangu,

Hujambo huko Mafia? Hapa Mkwajuni bibi yako anapukuchua mahindi, anakusalimu sana. Unauliza ufanyeje usibane pumzi ukizamia baharini na mtungi wa hewa, maana mwalimu wako amekuonya kuwa kuibana ni hatari. Bahari mimi siijui. Lakini ujanani, machimboni Saza, nilikuwa nikishuka kwenye duara, lile shimo refu la kuchimbia dhahabu, huku rafiki yangu Lazaro ameshika kamba juu. Alikuwa akianzisha wimbo wa kanisani kwa ile sauti yake mbovu, nami naitikia kutoka chini, kwa kuwa anayeimba hawezi kubana pumzi. Nikinyamaza tu, anavuta kamba. Sauti ile naitamani hadi leo.

Umeniandikia habari za mtungi, miwani na mpira wa kupumulia, ila mwenzako wa kuzamia naye hukumtaja. Ni nani atakayeshtuka ukinyamaza?

Babu yako