Programu Yangu Inakaba Seva, Aliyesimamishwa Kazi Ni Mwenzangu

Mshauri mpendwa, naomba msaada. Mimi ni fundi wa kompyuta hospitalini, nasimamia seva, kompyuta kuu yenye mfumo wa Linux inayopeleka majibu ya maabara wodini, na wiki tatu sasa kumbukumbu ya seva hiyo inajaa mpaka inaganda, naizima na kuiwasha upya, inapumua, kesho yake yale yale, hadi Jumanne majibu ya damu ya mama aliyetoka kujifungua yakachelewa dakika arobaini, muuguzi wa zamu akaja mbio, "Unajua anavuja damu kule wodini?" Mama alipona, namshukuru Mungu, lakini bosi alitaka wa kumbebesha lawama, akakumbuka ni mwenzangu aliyeweka hifadhidata mpya mwezi huu, akamsimamisha kazi.

Juzi ndipo nilipokaa nikapanga programu zote kwa kiasi cha kumbukumbu zinachoshika, na juu kabisa ilikuwa ile ya kuandaa ripoti niliyoiandika mimi mwenyewe, kila saa inavimba na hairudishi nafasi iliyochukua, hifadhidata ya mwenzangu wala haijaongezeka. Huyo ndiye aliyenifundisha kazi, watoto wake wananiita shangazi, na jana kanipigia, "Dada, umeona chochote?" nikamjibu, "Bado natafuta." Nikisema nitafukuzwa, nikinyamaza roho inanisuta. Nifanyeje?

Fundi Mwoga

Fundi, pole. Ila tusidanganyane: hukuwa unatafuta, ulishapata. Programu mbovu inaweza kumtoka fundi yeyote. Uongo wa kwenye simu ni wako peke yako. Na kila ulipoizima seva bila kuichunguza, ulifuta sehemu ya ushahidi kwa mkono wako.

Usiizime tena kabla hujahifadhi picha ya orodha ya programu uliyoipanga. Soma rekodi za mfumo za Jumanne, ambazo hubaki hata seva ikizimwa, huenda ukakuta Linux imeandika ilizima programu ipi kwa nguvu ilipoishiwa kumbukumbu, na kila programu ilikuwa imeshika kiasi gani. Bosi asitazame kiasi cha kumbukumbu iliyo tupu, kitaonekana kidogo na atashtuka bure, maana Linux huitumia kuhifadhi mafaili yaliyosomwa karibuni na huiachia ikihitajika, mwonyeshe kiasi kinachoweza kupatikana kwa programu. Halafu simamisha programu yako, na usiirudishe bila kuirekebisha na kuiwekea kikomo cha kumbukumbu.

Lakini kabla ya bosi, mpigie mwenzako. Usimlilie. Mwambie, "Ni programu yangu, naingia kwa bosi sasa hivi." Kisha ingia kweli. Huenda ukafukuzwa, sikufichi. Ila mtu yuko nyumbani kwa kosa lako, na anakuamini. Weka gazeti chini, shika simu.