Sauti Inayopita Mfupani

Mjimwema, Songea

Mama yangu mpendwa,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Natumaini Mjomba Daudi, anayekuletea bahasha hii, atakukuta mzima pamoja na kaka Azizi na wale kuku wako wakorofi. Mimi ninakula, ninalala na ninaswali. Sina homa wala kikohozi.

Mjomba ameniambia kuwa unalalamika: ukipiga simu sipokei, na nikipokea ninajibu "ndiyo" mahali pasipo na swali. Alicheka, akasema kuwa huko nyumbani mnadhani mji umenipa kiburi. Sivyo, Mama. Nisome hadi mwisho.

Chuoni tunaendelea na matengenezo ya mitambo mizito. Asubuhi ukungu huingia karakana, na greda letu la kuchonga barabara huonekana kama ng'ombe aliyelala. Mwalimu Rupert ametufundisha kuisikiliza injini kama daktari anavyosikiliza kifua. Unagusisha ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini inayounguruma, kisha unakandamiza mpini kwenye mfupa ulio nyuma ya sikio. Beringi nzima, ile pete inayobeba mhimili unaozunguka, huvuma kama nyuki walio mbali. Iliyochakaa hukwaruza kama mtu anayekuna nazi. Wenzangu huiondoa bisibisi upesi. Mimi hufumba macho, nikaiona mikorosho yetu imechanua, na greda likipita katikati yake polepole bila kuvunja tawi hata moja. Mwenzangu wa zamu, aitwaye Leo, husema kuwa nimeposwa na injini, na kwamba Mwalimu Rupert amekwisha kula mahari.

Juma lililopita nilikuwa nimeinama kwenye greda hilo, nikikaza mkanda wa feni. Baadaye nilielezwa kuwa Mwalimu alipaza sauti niondoke kwa sababu injini inawashwa, akarudia tena. Sikugeuka. Mwenzangu Leo alinivuta kwa ovaroli, tukaanguka wote wawili, na feni ikaanza kuzunguka pale ulipokuwa mkono wangu. Nilipoinua uso, niliona midomo yao ikicheza katika ukimya mkubwa, kama watu walio ng'ambo ya mto.

Mama, masikio yangu yanazimika. Tangu masika, mvua ninaiona ikipiga mabati, lakini siisikii. Nimekuwa nikisoma midomo ya watu, na simu haina midomo. Nilificha kwa kuogopa kuondolewa chuoni. Mwalimu hakunifukuza. Alisema, taratibu ili nimwelewe, kuwa hataki kumzika mwanafunzi, na kwamba nisikanyage karakana mpaka nipimwe na nirudi na mzazi wangu, tuone ni kazi ipi ninayoweza kuifanya kwa usalama.

Ninaogopa kupimwa peke yangu. Nitafika Ijumaa, tafadhali twende pamoja hospitali hapo Mbesa. Ila kabla hatujatoka, nakuomba uketi barazani uuimbe ule wimbo wako wa kupalilia, nami niegemeze mfupa wa nyuma ya sikio mgongoni mwako. Hapo ndipo nilipousikia kwanza, nikiwa nimefungwa kwa kanga. Nadhani wimbo huo bado utapita mfupani, kama injini inavyopita.

Msalimie Azizi, lakini usimwambie lolote mpaka nifike. Mfikishie salamu Bibi Zuhra, mwambie mtandio wake ninauvaa. Wala usinipigie simu, Mama. Ninakuja.

Wasalaam,
Binti yako,
Nasrin